Viazi Chooni

Viazi ndivyo vilivyotangulia kukikalia choo chetu.
Magunia manne, mekundu kwa udongo wa shamba la juu,
yalilala humo majira yote ya baridi, mlango umekomewa,
nasi tukitoka kwenye theluji na kopo mkononi,
maji yakiganda kabla hatujafika kichakani.

Mavyaa Jaukala alisema:
"Kuta za mawe, bati jipya, sakafu ya saruji,
nyumba nzuri hivi umpe nani? Mavi?"
Akacheka, akazungusha ufunguo,
akaufunga kwenye pindo la mshipi wake.

Bwana Lokendra wa wilaya alipanda na daftari.
Aliandika: kaya arobaini na moja, vyoo arobaini na kimoja.
Akaupiga picha mlango. Hakuomba ufunguliwe.
Akanywa chai, akashuka mlima kabla ya mawingu.
Daftarini mwake Sirupata ilitakata tangu Jumanne ile.

Kichaka kiko juu. Chemchemi iko chini.
Kila mtoto alilijua hilo,
maana ndiko mipira yao ilikobingirikia,
na hapana mtu mzima aliyelitamka.

Mvua ikalitamka.
Mwanangu Rupsi aliharisha siku tano,
macho yakazama; nilipomfinya ngozi ya tumbo
ilibaki imesimama, kama kitambaa kilichokunjwa.
Nilimbeba mgongoni mwendo wa saa sita hadi zahanati.
Alipona.
Mtoto wa Mangali, nyumba ya tatu, hakupona.

Niliporudi sikuuomba ufunguo.
Niling'oa bawaba kwa shoka,
nikatoa magunia, moja baada ya jingine,
nikayapanga kando ya kitanda cha mavyaa.
"Lala na wageni wako," nikasema.
Ndiyo, nilisema hivyo, mimi mkazamwana
niliyetimiza miaka tisa nyumbani mwake bila kupaza sauti.

Siku mbili alinyamaza. Ya tatu, akimenya viazi:
"Unadhani ni hivi nilivyovipenda?
Miaka arobaini tumetoka alfajiri, wanawake wanne,
wanaume wangali wanakoroma.
Kichakani ndiko Rajkali aliponiambia mimba yake ya kwanza.
Ndiko nilikomlilia mama, kwa kuwa humu ndani
baba mkwe hakutaka kelele.
Nawe wataka nichutame sandukuni peke yangu,
nitazamane na ukuta."

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina jibu zima.
Mazoea yana taabu, tunasema,
lakini daftari lile halikuwa na safu
ya kuuliza taabu hiyo ni ya nani.

Choo cha Mangali kiliporomoka siku mvua ilipopasua kilima.
Akaja na sururu, hakusalimu,
akaanza kuchimba ubavuni mwa chetu.
Alichimba kama mtu anayetafuta kitu alichokizika.
Tulimchotea mawe. Mume wangu alibeba mbao.
Mavyaa alileta jivu, akasimama juu ya fundi,
na ukuta wa katikati ulipofika kimo cha kichwa
akamwambia aache jiwe moja.
"La hewa," akasema.

Sasa kukipambazuka nasikia makomeo mawili,
kisha bei ya tufaha, kisha goti la Rajkali,
kisha nani kaolewa huko bondeni na kwa ng'ombe wangapi.
Juzi walicheka mpaka mbwa akabweka.
Mlangoni pana ndoo, na kipande cha sabuni
ambacho panya hukiiba nami hukirudisha.
Viazi viko chini ya kitanda. Vimeanza kuchipua.

Lakini zipo asubuhi
upande wa Mangali hausemi kitu.
Hapo mavyaa hatoki.
Hukaa mle gizani, miguu ikifa ganzi,
hadi asikie, ng'ambo ya tundu,
maji yakimwagwa.